Walimhoji mara tisa, wakamwacha: msako wa Yorkshire ndani ya tamthilia ya The Long Shadow

Tamthilia nyingi za polisi huishi kwa swali moja: nani kaua? The Long Shadow, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha ITV cha Uingereza Septemba 2023 kwa vipindi saba, haina swali hilo. Mtazamaji wa Uingereza analijua jina la muuaji kabla hajawasha televisheni. Ni Peter Sutcliffe, dereva wa lori wa Bradford, aliyeua wanawake 13 na kujaribu kuua wengine saba kaskazini mwa Uingereza kati ya 1975 na 1980. Alihukumiwa 1981 na kufariki Novemba 2020 akiwa bado mfungwa. Linalobaki ni swali jingine, la aibu zaidi kwa polisi. Ndani ya miaka hiyo mitano makachero walimhoji mara tisa. Jina lake lilikuwamo kwenye makaratasi yao tangu Novemba 1977. Ilikuwaje wakamwacha?

Jibu la haraka, ambalo hata watu waliofuatilia kesi hii huwa nalo mdomoni, ni ile kaseti ya uzushi, ambamo mtu mwingine alirekodi sauti yake akijidai kuwa ndiye muuaji. Kaseti ina sehemu yake na nitaifikia. Ila ukizipanga tarehe utaona kwamba kaseti ilifika Juni 1979, na kufikia hapo Sutcliffe alikuwa ameshahojiwa mara nne na wanawake kumi wameshazikwa. Kosa lilianza mapema zaidi, pale polisi walipojiamulia ni muuaji wa aina gani wanayemtafuta. Kuanzia hapo kila taarifa mpya ilipimwa kwa uamuzi huo, na isiyolingana nao ikawekwa pembeni, hata kama ilikuwa ya kweli.

Faili linapopewa jina

Oktoba 30, 1975, Wilma McCann, mama wa watoto wanne mwenye umri wa miaka 28, aliuawa Leeds, karibu na nyumbani kwake. Miezi mitatu haijaisha, Januari 20, 1976, akafuata Emily Jackson, miaka 42. Tamthilia inakaa muda mrefu nyumbani kwa akina Jackson kabla ya lolote kutokea, na kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya mwandishi George Kay na mwongozaji Lewis Arnold. Tunawaona mume, fundi wa kuezeka mapaa, na mkewe, wamebanwa na madeni. Tunawaona watu wazima wawili wakifikia uamuzi ambao hakuna kati yao anayeupenda. Jioni ile waliegesha gari lao la kazi nje ya baa ya Gaiety, mume akaingia ndani kusubiri, mke akatoka kutafuta mteja. Hakurudi. Baa ilipofungwa, mume alichukua teksi akaenda nyumbani, asijue kwamba mkewe ameshauawa.

Kwa polisi, wanawake wawili waliouawa kwa namna moja, wote wakihusishwa na biashara ya kujiuza, walitosha kulipa faili kichwa: muuaji wa makahaba. Magazeti nayo yakampa lakabu iliyoazimwa kutoka kwa Jack the Ripper, yule muuaji wa London ya 1888 ambaye hakukamatwa kamwe. Leo familia za waliouawa hazitaki kuisikia lakabu hiyo, na ni kwa sababu ya malalamiko yao kwamba tamthilia iliachana nayo ikatafuta jina jingine.

Mtu anaweza kusema jina la faili ni karatasi tu. Katika upelelezi wa aina hii siyo. Jina ndilo linaloamua shambulio gani linahesabiwa kuwa kazi ya mtu yuleyule na lipi linarudishwa kabatini, makachero watume magari mtaa gani usiku, na shahidi yupi apewe kiti na yupi aambiwe aende zake. Kabla Wilma hajauawa, Julai na Agosti 1975, wanawake wawili walikuwa wameshapigwa nyundo kichwani, Anna Rogulskyj mjini Keighley na Olive Smelt mjini Halifax. Wote walipona, na hakuna aliyekuwa akijiuza. Olive Smelt alieleza kwamba mtu yule alimsemesha kabla ya kumpiga, akilalamikia hali ya hewa kama wafanyavyo Waingereza wote, na kwamba lafudhi yake ilikuwa ya palepale Yorkshire. Hayo hayakuingizwa kwenye mfululizo mapema, kwa kuwa waathirika hawakufanana na kichwa cha faili.

Kisa cha Marcella Claxton kinaumiza zaidi. Alikuwa na miaka 20, mweusi mwenye asili ya Karibiani, mjamzito, aliposhambuliwa Mei 1976 kwenye eneo la Roundhay, Leeds. Alitambaa hadi kwenye kibanda cha simu akapiga kuomba gari la wagonjwa, na akiwa humo humo aliliona gari la mshambuliaji likirudi kupita, linamtafuta. Mimba iliharibika. Aliwaeleza polisi alichokiona: mwanamume mzungu, mwenye ndevu na nywele nyeusi. Hawakumwamini. Walitilia shaka hata rangi ya mtu aliyemwona kwa macho yake, na hawakumweka kwenye orodha ya waathirika wa muuaji yule. Tamthilia inampa Marcella nafasi kubwa, tena inamfuata hadi kwenye vita vyake vya kudai fidia miaka ya baadaye. Nilipotazama sehemu hizo nilijikuta nawakasirikia askari waliomsikiliza kuliko nilivyomkasirikia muuaji. Nadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Juni 1977 aliuawa Jayne MacDonald, msichana wa miaka 16 aliyekuwa akifanya kazi dukani, akirudi nyumbani usiku. Hapo ndipo nchi iliposhtuka kweli. Magazeti yalianza kuandika kuhusu mwathirika asiye na hatia, kana kwamba wanne waliomtangulia walikuwa nayo. Mtazamo huo haukuwa wa magazeti peke yake. Mwaka 1979 mmoja wa makachero waandamizi, Jim Hobson, alisema hadharani kwamba muuaji ameonyesha kuwa anawachukia makahaba, kwamba watu wengi wanawachukia, lakini sasa anaua wasichana wasio na hatia. Mwaka 1981, mbele ya mahakama, Mwanasheria Mkuu Michael Havers alisema la kusikitisha zaidi katika kesi hiyo huenda ni kwamba baadhi ya waliouawa hawakuwa makahaba. Wanawake waliandamana nje ya mahakama kwa kauli hiyo. Walikuwa wameshazoea kuandamana: Novemba 1977 walitembea usiku Leeds na miji mingine wakipinga kuambiwa wajifungie ndani, wakiuliza kwa nini amri ya kutotoka nje isiwe ya wanaume.

Noti ya pauni tano

Pamoja na hayo, polisi walipata bahati ambayo wapelelezi wengi huiota. Oktoba 1, 1977, Jean Jordan, miaka 20, aliuawa Manchester. Mwili ulipatikana siku tisa baadaye, na mkoba wake ukaokotwa siku chache baada ya hapo. Ndani ya mfuko wa siri wa mkoba kulikuwa na noti mpya ya pauni tano, namba AW51 121565.

Noti mpya ina njia inayofuatika. Hii ilitoka Benki Kuu ya Uingereza ikaenda Midland Bank, tawi la Shipley, jirani na Bradford, na kutoka hapo ikaingia kwenye bahasha za mishahara za makampuni ya eneo lile, siku chache tu kabla ya mauaji. Maana yake ni kwamba aliyempa Jean noti ile alikuwa, kwa uwezekano mkubwa, mfanyakazi wa mojawapo ya makampuni hayo. Wafanyakazi wote kwa jumla walikuwa karibu 8,000. Kwa miezi mitatu makachero wakagonga milango na kuhoji kama 5,000 kati yao.

Mmoja wao alikuwa Sutcliffe, dereva kwenye kampuni ya malori. Walimhoji Novemba 2, 1977, wakarudi tena Novemba 8. Usiku wa mauaji alikuwa wapi? Nyumbani na mkewe. Na ule usiku ambao mwili uliguswa tena? Tulikuwa na sherehe ya kukaribisha ndugu kwenye nyumba mpya. Mke akathibitisha, na mama mzazi wa Sutcliffe akathibitisha. Sherehe ilikuwepo kweli. Ambacho hawakukijua ni kwamba wageni walipoondoka Sutcliffe aliendesha gari hadi Manchester kuitafuta noti ile ile, akaikosa, akaukatakata mwili kwa hasira. Neno la mke na la mama lilichukuliwa kuwa linatosha, na kazi ya noti ikafungwa bila jina la mtu.

Kulikuwa na uzi mwingine pia. Irene Richardson alipouawa Februari 1977, gari liliacha alama za matairi ardhini. Polisi wakapiga hesabu ya aina za magari yanayoweza kuvaa matairi hayo, wakapata orodha ya magari karibu laki moja, wakaanza kuyakagua moja baada ya jingine. Kazi ikaachwa kabla ya kuisha. Gari la Sutcliffe lilikuwa miongoni mwa yaliyosalia.

Masjala iliyozidiwa na uzito wake

Aliyewahi kufuatilia jalada kwenye ofisi ya serikali, akaambiwa lipo ila halionekani, ataelewa haraka kilichokuwa kinatokea Millgarth, kituo cha polisi cha Leeds kilichokuwa makao ya msako. Hapakuwa na kompyuta ya upelelezi. Kila taarifa iliandikwa kwenye kadi: kadi ya jina, kadi ya gari, kadi ya mtaa. Kachero alipewa karatasi ya kazi, akaenda kumhoji mtu, akarudi kuandika ripoti, ripoti ikasomwa na mkubwa, mkubwa akaandika achunguzwe zaidi au afungwe, kisha karani akaipeleka kwenye kadi husika. Mfumo huo unafaa kwa mauaji ya mtu mmoja katika mji mmoja. Huu ulibeba watu karibu robo milioni. Karatasi zilikuwa nyingi kiasi kwamba sakafu ya chumba ililazimika kuimarishwa isije ikaporomoka.

Picha hiyo ya sakafu inachekesha. Balaa lenyewe lilikuwa la kila siku, la kichovu. Ripoti zilirundikana wiki na wiki zikisubiri kuingizwa kwenye kadi. Kachero anayetumwa leo kwa Sutcliffe kuhusu gari lake hakuwa na uhakika wa kuona kwamba mwenzake alishatumwa kwa Sutcliffe huyo huyo kuhusu noti.

Na gari lilikuwa na mengi ya kusema. Polisi waliweka askari wenye nguo za kiraia kwenye mitaa ya wanawake wanaojiuza, Leeds, Bradford na Manchester, waandike namba za magari yanayopita. Gari linaloonekana kwenye miji zaidi ya mmoja lilipaswa kuelezewa na mwenyewe. Magari ya Sutcliffe yalionekana mara nyingi. Agosti 1978 alipoulizwa, alijibu kwamba anakatiza tu mitaa hiyo kwenda na kutoka kazini. Alikuwa dereva anayeishi Bradford, kwa hiyo jibu liliingia akilini, na aliyelisikia hakuwa na mbele yake karatasi nyingine za mtu huyo. Novemba mwaka huo huo wakarudi tena, wakaondoka tena.

Kulikuwa na karatasi moja ya zamani ambayo ingemfanya kachero yeyote asimame. Mwaka 1969 Sutcliffe alikamatwa usiku Bradford akiwa na nyundo. Akashtakiwa kwa kosa la kutembea na vifaa vya wizi, akatozwa faini ya pauni 25. Kwenye kumbukumbu za makosa likabaki hilo la vifaa vya wizi, na nyundo haikutajwa. Miaka minane baadaye polisi wa mkoa mzima walikuwa wakimtafuta mtu wa nyundo.

Julai 1979 kachero kijana Andrew Laptew na mwenzake walibisha hodi kwa Sutcliffe kumuuliza kuhusu gari lake. Hawakuwa na habari ya mahojiano ya noti. Laptew alimtazama mwenye nyumba: ndevu, nywele nyeusi, mwanya kwenye meno ya juu, kiatu cha namba ndogo kama alama iliyoachwa kwenye mauaji ya awali. Alifanana mno na picha ya sura iliyoungwa kutokana na maelezo ya Marilyn Moore, aliyenusurika Desemba 1977. Akajaribu utani, akamwambia mke kwamba kama anataka kumwondoa mumewe hii ndiyo nafasi. Hakuna aliyecheka. Laptew alirudi ofisini akaandika ripoti kwamba mtu huyu achunguzwe zaidi. Mkubwa wake aliuliza swali moja la maana kwake: ana lafudhi ya kaskazini mashariki? Hana. Ripoti ikaenda kwenye faili.

Sauti kutoka Sunderland

Hapo sasa ndipo kaseti inapoingia. Machi 1978 zilifika barua mbili, moja kwa George Oldfield, Mkuu Msaidizi wa Polisi wa West Yorkshire aliyeongoza msako, na nyingine kwa gazeti la Daily Mirror, zikiwa na saini ya yule muuaji wa London ya 1888. Ya tatu ilikuja Machi 1979. Juni 1979 Oldfield akapokea kaseti: sauti ya mwanamume, taratibu, ikimwambia kwamba yeye ni Jack na anaona bado hawana bahati ya kumkamata.

Oldfield aliamini. Alikuwa na sababu mbili alizoziona nzito. Kwanza, aliona barua zina mambo ambayo muuaji tu ndiye angeyajua. Ukweli ni kwamba yalikuwa yameshachapishwa magazetini. Pili, mate kwenye bahasha yalionyesha mtu wa kundi la damu B wa aina ambayo damu yake hujitambulisha kwenye mate, aina ya watu wachache, kama asilimia sita. Aliyemuua Joan Harrison mjini Preston mwaka 1975 alikuwa wa aina hiyo, na barua zilidai mauaji hayo. Basi uzushi ukashikizwa kwenye mauaji ya mtu mwingine kabisa. Mwaka 2011 vinasaba vilionyesha kwamba Joan Harrison aliuawa na mtu asiyehusiana kwa lolote na Sutcliffe wala na mwandishi wa barua.

Wataalamu wawili wa lafudhi kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, Stanley Ellis na Jack Windsor Lewis, waliisikiliza kaseti wakaitambua sauti hadi kwenye kitongoji: Castletown, Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Hawakukosea. Walifanya jambo jingine pia, waliwaonya polisi kwamba huenda aliyerekodi siye muuaji, na kwamba kumwondoa mtu kwenye orodha kwa sababu ya lafudhi ni hatari. Polisi wa Northumbria, ambao Sunderland iko chini yao, nao waliandika ripoti Septemba 1979 wakitilia shaka barua. Olive Smelt, aliyesemeshwa na muuaji uso kwa uso, alikuwa ameshasema lafudhi yake ni ya Yorkshire.

Badala yake ikafanywa kampeni ya matangazo nchi nzima, mabango, magazeti, namba ya simu ya kupiga kuisikiliza sauti. Simu za raia wanaomshuku jirani, shemeji au bosi zikamiminika kwenye masjala ambayo tayari ilikuwa hoi. Na kwenye mwongozo wa makachero yakaingia masharti ya kumfuta mtu kwenye orodha, mojawapo likiwa kwamba lafudhi yake si ya kaskazini mashariki. Hapo ndipo wazo la mkubwa mmoja lilipogeuka kuwa utaratibu wa ofisi, na utaratibu hausikilizi mashaka ya kachero aliyekaa na mtu sebuleni kwake.

Septemba 1979, baada ya mwanafunzi Barbara Leach kuuawa Bradford, aliyetengeneza kaseti alipiga simu polisi bila kujitaja akasema kaseti ni uzushi. Simu ilirekodiwa. Haikubadili kitu. Alikuja kupatikana 2005, kipande cha bahasha kilipopimwa vinasaba: John Humble, mkazi wa Sunderland. Alifungwa miaka minane mwaka 2006. Tangu kaseti ifike hadi muuaji akamatwe, waliuawa wanawake watatu: Barbara Leach, Marguerite Walls na Jacqueline Hill.

Mwanzoni mwa 1980 noti ya pauni tano ilifufuliwa. Polisi na benki walirudia hesabu kwa makini, wakapunguza maelfu hadi watu 241. Sutcliffe alikuwa ndani ya 241. Akahojiwa mara tatu ndani ya Januari na Februari. Tayari alikuwa na kadi ya gari, kadi ya noti na ripoti ya Laptew, kama kuna mtu angeziweka mezani pamoja. Akafutwa.

Wasiomtafuta ndio waliompata

Novemba 1980, siku chache baada ya Jacqueline Hill kuuawa Leeds, rafiki wa muda mrefu wa Sutcliffe aliandika barua kwa polisi akimtaja kwa jina, kisha akaenda mwenyewe kituoni. Barua ilipigwa alama ya kipaumbele cha kwanza. Ilikuwa bado kwenye trei ikisubiri kuingizwa masjala Sutcliffe alipokamatwa.

Na alikamatwa Sheffield, nje kabisa ya eneo la msako, Januari 2, 1981. Sajini Robert Ring na konstebo Robert Hydes walikuwa doria ya kawaida walipokuta gari limeegeshwa gizani, ndani mwanamume na mwanamke. Wakaulizia namba za gari kwenye kompyuta ya taifa ya polisi. Namba zikaonekana ni za gari jingine. Namba bandia, basi twende kituoni. Sutcliffe aliomba akojoe kwanza, akajibanza pembeni. Kesho yake Ring alisikia kwamba makachero wa Yorkshire wanamhoji mtu wake, likamrudia lile la kwenda kukojoa, akarudi pale pale akakuta nyundo na kisu. Kisu cha pili kilikutwa kwenye tangi la maji la choo cha kituo. Januari 4 Sutcliffe alikiri.

Mashtaka yalisikilizwa Old Bailey, London, Mei 1981. Madaktari wa akili wa pande zote mbili walikubaliana kwamba alikuwa mgonjwa, na mawakili walikuwa tayari kumaliza hivyo. Jaji Boreham alikataa, akaliachia jopo la raia liamue. Kwa kura kumi dhidi ya mbili likamtia hatiani kwa mauaji.

Tamthilia na mtu wa kulaumiwa

The Long Shadow inamfanyia Oldfield, anayeigizwa na David Morrissey, kile ambacho tamthilia humfanyia kila kiongozi anayeanguka. Anachoka, analewa wazo lake, moyo unamshinda. Ni kweli alipata shtuko la moyo 1979. Morrissey anaigiza vizuri mno, na hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kazi hii nzuri. Tamthilia ya ITV ya mwaka 2000 kuhusu msako huu huu nayo ilimzunguka Oldfield. Kamera inapenda uso wa mtu mmoja anayevunjika. Haina la kufanya na trei ya barua zisizofunguliwa, wala na sharti namba fulani kwenye mwongozo, kwa hiyo mtazamaji anaondoka akiamini kwamba mzee mmoja mkaidi ndiye aliyeiponza Yorkshire. Waliomfuta Sutcliffe kwa saini zao walikuwa wengi, wa vyeo tofauti, na wengi walifuata maelekezo kama walivyofundishwa. Tena kuwadharau wanawake wa mitaani hakukuhitaji amri ya Oldfield.

Inapofanikiwa zaidi ni pale inapomweka muuaji pembeni. Hatuonyeshwi nyundo ikishuka. Hatupewi utoto wake wala mawazo yake ya usiku. Tunabaki na watoto wa Wilma, mume wa Emily, Marcella.

Lawrence Byford, mkaguzi wa polisi, alikamilisha uchunguzi wa msako huu Desemba 1981. Bunge lilipewa muhtasari tu mapema 1982, na ripoti yenyewe ikafungiwa hadi 2006. Ndani yake aliyaeleza haya ya kadi na kaseti bila kuuma maneno, na kutokana nayo polisi wa Uingereza walipata mfumo wa kompyuta wa HOLMES, ulioanza katikati ya miaka ya 1980, unaounganisha jina, gari na maelezo ya mashahidi kutoka mikoa tofauti. Sutcliffe wa leo angeibuka kwenye skrini baada ya mahojiano ya pili au ya tatu. Lile la lugha lilichukua muda zaidi: Novemba 2020, siku aliyofariki, ndipo Mkuu wa Polisi wa West Yorkshire, John Robins, alipoziomba radhi familia kwa maneno yaliyotumiwa na maafisa wa wakati ule.

Ila kompyuta hupanga kile ilicholishwa. Agosti 1975, miezi miwili kabla ya Wilma McCann, msichana wa miaka 14 alitembea na mtu mgeni kwenye barabara ya shamba huko Silsden, wakizungumza njia nzima, kabla mtu huyo hajampiga kichwani. Hakuna mwathirika aliyemtazama kwa muda mrefu kuliko yeye. Alisaidia polisi kuunda picha ya sura yake, na ukiiweka leo kando ya picha ya Sutcliffe unashangaa. Lakini hakuwa kahaba, ilikuwa ni mashambani, na polisi walidhani silaha ilikuwa gongo. Kesi yake haikuunganishwa na msako kwa miaka yote mitano, kwa hiyo hapakuwa na kadi yake ya kupotea Millgarth. Sutcliffe alikiri shambulio hilo mwaka 1992.